Aliyeishika Mwisho

Nargis wa duka la vitambaa alikuwa amenipigia simu mara tatu tangu asubuhi. Alikuwa ameniletea cherehani inayoruka mishono, sare za shule zimemjaa mezani, na mimi kwa mdomo wangu mwepesi nilishamwahidi kwamba jua halitazama kabla sijamfikishia mlangoni. Saa kumi na mbili jioni ndiyo kwanza nilikuwa naifunga kwa mpira kwenye keria ya baiskeli. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Kanyenye. Nikainama kutia kufuli mlango wa karakana yangu huku nawasonya wenye umeme wao, ndipo harufu iliponifikia.

Moshi.

Si wa mkaa, si wa takataka. Ulikuwa moshi wa nyasi za paa, ule mzito unaokaa kooni. Mimi nimekulia kijijini, upande wa Goweko, naujua. Lakini hapa Kanyenye hakuna nyumba ya nyasi, hata ya kuku.

Nikageuka. Bibi kizee alikuwa amesimama nyuma yangu, hatua mbili tu, na masikio yangu mazima hayakuwa yamesikia ndala wala fimbo. Amejitanda kanga, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mkononi ana kifurushi cha gunia, lile gunia la kufungia tumbaku.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Kimya.

Nikadhani hasikii vizuri, nikairudia kwa sauti. Akanitazama tu. Jamani, hapa Tabora hata mtu mwenye kesi na wewe mahakamani atakuitikia marahaba kwanza, ndipo akutukane. Mzee kukunyima marahaba si jambo dogo. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, maana kwangu hasira haikai mbali, na nusura nipande baiskeli yangu niende zangu.

Akakiweka kile kifurushi juu ya benchi langu la nje.

"Nitambulishie hiki ni kitu gani," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kavu. "Halafu uniambie kwa nini kiligoma."

Nilifunua ncha ya gunia. Nikaifunika haraka.

Bastola.

Nilimnong'oneza kwamba mwezi huu serikali imetangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari, aipeleke kituoni, hakuna atakayemuuliza ameitoa wapi. Nikamwambia mimi ni fundi wa cherehani na kufuli, mambo ya silaha niliyaacha zamani pamoja na gobori za wawindaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema itafika inakostahili kufika, ila kwanza anataka jibu, na kwamba katika Tabora nzima waliobaki wenye kuvijua vyuma hivi ni wawili, mimi na aliyenifundisha.

"Nitarudi Ijumaa. Saa hizi hizi."

"Unatoka wapi, bibi?"

"Njia ya Goweko. Kwa miguu."

Pikipiki ilipita, nikaangalia pembeni mara moja tu. Niliporudisha macho hayupo. Na moshi haupo.

Niwaambie kwanza huyo aliyenifundisha ni nani, la sivyo hamtanielewa. Baba yangu, Raymundi, alikuwa bwana nyama, askari wa wanyamapori. Aliuawa na fisi mwaka themanini na sita, mimi nina miaka kumi na mitatu. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Luhende, fundi silaha wa kazini kwao. Baba alipokufa, Luhende ndiye aliyetubeba. Alimwezekea mama bati, alinisomesha, na nilipomaliza la saba akanihamishia hapa mjini, akanikalisha karakana kwake akanifundisha kushika tupa, watu wakimcheka kwamba anaharibu mtoto wa kike. Nilimwita bamdogo. Nami niseme kweli, nilimpenda kuliko nilivyomkumbuka baba.

Basi, Nargis na sare zake walingoja. Nilirudi ndani, nikajifungia, nikawasha tochi ya simu na kuiegemeza kwenye kopo la mafuta.

Mwanzoni niliishika kifundi tu. Ni bastola ya kizamani, yenye ngoma ya matundu sita inayozunguka. Mtutu wake mrefu kupita wa bastola za askari. Kilenga cha nyuma kina skrubu mbili ndogo, moja ya kukipandisha na kukishusha, nyingine ya kukisogeza kulia na kushoto. Askari wa doria hana haja na anasa hiyo. Hii ilikuwa bastola ya shabaha, ya mtu anayesimama uwanjani akitoboa karatasi mbele ya watazamaji. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika kwa kusuguliwa na mkono wa miaka. Mbao ya mpini ilikuwa safi, bado ina mafuta. Nikaigeuza upande wa pili.

Sarafu.

Heller ya Mjerumani, zile za shaba zilizopigwa hapa hapa Tabora wakati wa vita ya kwanza. Imechimbiwa kwenye mbao, sawasawa na pale kidole gumba kinapokaa.

Sarafu ile niliijua. Baba aliichimbia kwa kisu sebuleni kwetu, na aliyemshikia kibatari nilikuwa mimi. Bastola aliachiwa na mkubwa wake wa kazi alipohama, kwa kibali na kila kitu, na baba alikuwa akishindia nayo mashindano ya shabaha kila Sabasaba. Usiku aliokufa alitoka nayo. Tulimpata baba. Bastola hatukuipata. Watu wakasema imechukuliwa na mwenye fisi.

Ndiyo, mwenye fisi. Kwetu fisi hatembei bure. Kuna fisi wa pori na kuna fisi wa mtu, anayefugwa ndani na kupandwa usiku. Na mtu akiliwa, wazee hawaulizi fisi kaingilia wapi, wanauliza ni wa nani.

Alikuwepo Bibi Mwanamkuu. Aliishi peke yake kando ya njia ya zamani ya misafara, njia ambayo babu yake alipitia na pembe za ndovu kichwani. Mwislamu peke yake katika kijiji cha Wakatoliki na Wamoraviani. Mjane. Macho mekundu kwa moshi wa miaka sabini ya kupikia kuni. Wazee walipokaa kumtafuta mchawi, aliyeifanya bastola isilie usiku ule, Luhende aliniita katikati, akanishika bega, akaniuliza kwa upole kabisa ni nani mwingine aliyeishika bastola ya baba yangu. Nikasema kweli. Nikasema Jumapili ile aliyokufa baba, tukitoka misa tulikutana na Bibi Mwanamkuu njiani, akaweka kiganja juu ya mfuko wa bastola, akamwambia baba, Mungu akurudishe salama.

Basi. Hayo tu.

Jioni nyumba yake ikawaka. Nililia sana, maana bibi yule alikuwa akinipa karanga. Bamdogo akanibembeleza, akaniambia amekimbia, amekwenda Ulyankulu, huko ana ndugu. Nikalala kwa neno hilo. Nimelilalia miaka thelathini na minane.

Sasa msiniulize kama nilimtambua yule mgeni wa jioni. Sikutaka kumtambua. Bibi Mwanamkuu leo angekuwa na miaka mia na zaidi. Nikajikaza kisabuni, nikafanya nilichofundishwa: anza na kinachoonekana, malizia na kilichofichwa.

Nikaifungua ngoma. Risasi sita, zote zimo. Hata moja haikuwaka. Nikazitoa nikazipanga juu ya benchi, nikazitazama vitakoni. Kila moja ina alama ya pini, ile ncha ya nyundo inayogonga risasi, lakini alama ya juu juu, ya kugusa tu. Nikasogeza tochi.

Alama mbili mbili.

Risasi sita, kila moja imegongwa mara mbili. Maana yake baba alifyatua ngoma nzima, ikazunguka, haikuwaka. Akaanza tena. Akafyatua nzima ya pili. Mara kumi na mbili, huku yule mnyama anamjia.

Ta... ta... ta...

Niliweka kichwa juu ya benchi nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Nilikuwa nimezoea kumwaza baba kama mtu aliyerogwa, na mtu aliyerogwa humwazii vidole. Usiku ule niliviona vidole vyake.

Kisha nikarudi kazini, kwa sababu sasa nilitaka kujua. Pini ilikuwa nzima, ncha yake haijaliwa. Ngoma inasimama sawa kwenye kila tundu. Nyundo inakwenda na kurudi bila kusuguana. Kilichobaki ni nguvu ya nyundo, na nguvu inatoka kwenye springi. Kwenye bastola za namna hii springi ni bamba refu lililojificha ndani ya mpini, na linakazwa na kaskrubu kadogo mbele ya mpini, pale vidole vinapofumbata. Mtu anaweza kuitumia maisha yake yote asikaone. Kakiwa kafupi, nyundo itaanguka vizuri, italia vizuri, lakini haina uzito. Inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa woga.

Nikashika bisibisi. Kaskrubu kakatoka.

Kafupi. Ncha imekatwa. Na haikukatika yenyewe, ilikatwa kwa tupa, kisha skrubu ikarudishwa na kutiwa nta ya nyuki kwenye meno yake ili isilegee wala isitingishike.

Nta.

Mafundi wengine hutia rangi, hutia gundi. Tabora hii mtu aliyekuwa akitia nta kwenye skrubu ni mmoja, na ni yeye aliyenifundisha. Hata cherehani ya Nargis iliyokuwa ikinisubiri kwenye baiskeli nilikuwa nimeitia nta asubuhi ile. Nikakaweka kale kachuma karibu na mwanga. Mikwaruzo ya tupa ilikuwa imelala kushoto. Fundi wa mkono wa kulia huilaza kulia.

Bamdogo Luhende ni mashoto.

Nilisema kwa sauti, peke yangu mle ndani: hapana. Nikasema tena. Kisha nikaifunga skrubu kwenye pindo la kanga yangu, mafundo mawili, nikaifunga bastola kwenye gunia lake pamoja na risasi zake, nikakaa chini sakafuni mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilimkuta bamdogo kwake, mtaa wa Ng'ambo, barazani, anasikiliza redio. Ana miaka themanini na miwili, macho yamefifia, mikono inamtetemeka isipokuwa anaposhika chuma. Nikamwamkia. Akaniitikia marahaba, Gaude wangu, umekunywa chai? Nilitamani asingeniuliza chai.

Nikafungua fundo, nikamwekea skrubu kiganjani. Akaipapasa kwa kidole gumba, ncha, meno, ncha tena. Hakuuliza ni nini. Redio aliizima mwenyewe.

Alinieleza akiangalia chini. Miaka minne mfululizo Raymundi alimshinda Sabasaba, mbele ya watu, na kila mara akamkumbatia na kusema Luhende naye angeweza, ni mkono wake wa kushoto tu unaomponza. Mwaka ule alitaka mara moja tu bastola ya rafiki yake igome uwanjani watu wacheke. Jumamosi akaiomba aisafishe. Mashindano yalikuwa Jumatatu. Jumapili jioni fisi akaonekana nyuma ya mazizi, na bunduki ya kazi ilikuwa imefungiwa stoo mjini, na Raymundi akatoka na alichokuwa nacho. Bamdogo alisema alikuwa amekusudia kukiri. Lakini alipofika kikaoni watu walikuwa tayari wanamtafuta mchawi, na mtu anayetafutwa akishakuwa mwingine, ulimi unakuwa mzito.

"Ndiyo maana ukaniuliza mimi," nikasema.

"Nilijua utamtaja. Nilikuwa nimemwona na mimi."

Nikamuuliza kuhusu Ulyankulu. Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Hakwenda Ulyankulu, Gaude. Hakutoka ndani."

Nisemeje? Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa tangu utoto, nasi tunaitikia kama wimbo wa shule. Mimi kilichonila kilinivalisha hizo nguo. Kilinifundisha kazi, kilikaa mbele kanisani siku ya ndoa yangu. Na kilininyang'anya baba, kikachukua na ulimi wangu wa utoto kikamuulia mtu mwingine. Nilitamani kumpiga. Nilitamani pia anishike kichwa kama zamani, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akaniuliza skrubu nimeitoa wapi. Nikamwambia kwenye bastola, imeletwa jana na bibi kizee atakayerudi Ijumaa kuuliza kwa nini iligoma, hii hapa guniani. Alitikisa kichwa. Akasema haiwezekani. Bastola aliiokota yeye kando ya maiti kabla watu hawajafika, akaificha kwenye koti, na jioni ile nyumba ikiwaka aliirusha ndani ya moto kwa mkono wake mwenyewe, ili asiwepo fundi wa kuifungua milele.

Nikamwambia ni nzima. Mbao nzima, nta laini, risasi sita. Nikalifungua gunia miguuni pake.

Mbao haikuwepo. Palikuwa na masizi.

Mtutu ulikuwa mwekundu kwa kutu, ngoma imeshikamana, springi imelegea kama uzi. Risasi zilikuwa maganda yaliyopasuka. Heller ilikuwa imeganda kwenye chuma, nyeusi. Kilikuwa kitu kilichopita motoni na kulala ardhini miaka thelathini na minane. Harufu ya nyasi zilizoungua ikapanda mpaka puani, na bamdogo akaisikia, maana alijiziba pua kwa kofia yake.

Lakini kiganjani mwake skrubu ilikuwa inang'aa. Na nta yake ilikuwa laini, imebaki na alama ya kidole chake gumba.

Nta haiingii motoni ikatoka.

Akanishika mkono. Akaniambia Ijumaa akija nimwambie ni kutu. Kutu tu, hilo si uongo, aone mwenyewe ilivyo. Aliniambia kwamba yeye amebakiza siku chache, na kwamba sasa, mama na mume hawapo tena, sina mtu mwingine duniani. Vyote viwili vilikuwa kweli. Niliichukua skrubu yangu na lile gunia nikaondoka.

Ijumaa bamdogo alikuja mwenyewe, mapema, kabla ya jua kuzama. Alikaa kwenye kigoda chake cha zamani karibu na jiwe la kunolea, amevaa shati la kanisani. Umeme ulikuwepo, muadhini alikuwa anaadhini magharibi, watoto walikuwa wanakimbizana barabarani, na mimi nilianza kuamini kwamba hakuna atakayekuja.

Taa ikazimika. Ya kwangu peke yake. Duka la mbele liliendelea kuwaka.

Moshi ukaingia.

Alikuwa amesimama mlangoni na ile kanga yake usoni. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Kiligoma kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono.

"Kutu, Gaude... sema ni kutu."

Ilikuwa sauti ile ile. Ya upole kabisa. Ile iliyonishika bega mbele ya wazee nikiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa ananifundisha la kusema, kwa mwanamke yule yule, mara ya pili. Mpaka hapo nilikuwa sijaamua, naapa. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamulia.

"Si kutu, bibi. Ni skrubu ya springi. Ilikatwa kwa tupa ikatiwa nta. Aliyeikata ni huyu."

Hakumtazama Luhende hata kidogo. Aliendelea kunitazama mimi. Kisha akasema polepole:

"Na aliyesema niliishika?"

Akaisogeza kanga. Macho yalikuwa mekundu, hayana kope, na nyusi hazikuwepo. Ngozi ya shavu moja ilikuwa... hapana, hilo niacheni nalo. Nilimjua. Ningeweza kumwambia nilikuwa mtoto. Ningeweza kumwambia niliulizwa, nikajibu, na nilichojibu kilikuwa kweli. Yote hayo ni haki yangu, nami nimeyasema mara nyingi baadaye, kitandani, nikiangalia dari.

"Ni mimi, bibi."

"Marahaba," akasema.

Akageuka. Luhende akainuka kwenye kigoda, bila fimbo, bila kushikwa. Akaliokota lile gunia, akalipandisha kichwani kama wapagazi wa zamani, akamfuata. Alipita mbele yangu karibu kabisa na hakunitazama. Mimi sikumwita. Na hilo nalo ni langu.

Taa ikawaka.

Mfaume wa bodaboda ndiye mtu wa mwisho kumwona. Alimkuta nje ya mji, njia ya Goweko, mzee wa miaka themanini anatembea kama kijana na mzigo kichwani. Alisimama amsaidie. Mzee akamjibu kwamba ahsante, yuko na mwenye mzigo, katangulia. Mfaume aliwasha taa kubwa akatazama mbele. Barabara ilikuwa tupu.

Jumapili wakulima walimkuta katikati ya shamba la tumbaku, pale ilipokuwa nyumba ya Bibi Mwanamkuu. Ameketi, mikono mapajani, amekufa. Daktari alisema moyo, na kwa umri ule nani abishe. Nguo zake hazikuungua hata uzi, lakini tulipomwosha maji yalitoka na harufu ya moshi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Gunia halikuonekana. Nilimzika, nikamlilia, kisha Jumapili iliyofuata nilisimama kijijini baada ya misa nikasema yote, jina kwa jina, skrubu mkononi. Wazee waliobaki waliangalia chini. Vijana waliulizana huyo Mwanamkuu ndiye nani.

Nikadhani yamekwisha. Nilidhani marahaba ile ilikuwa msamaha, na labda ndivyo ilivyokuwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba tangu Ijumaa ile, kila jua likizama, karakana yangu inajaa moshi wa nyasi. Mtu mwingine hausikii. Nimefungua madirisha, nimetoa mkaa nje, padri amekuja na maji yake. Unaingia tu, unakaa machoni. Macho yangu yamekuwa mekundu. Dawa ya matone nimetia chupa nne. Watoto wa mtaa waliokuwa wakija kuomba vibobini vya kuzungushia uzi wachezee siku hizi wanapitia ng'ambo ya pili ya barabara.

Juzi sindano ya cherehani ya Nargis, ile niliyomrudishia kwa mikono yangu, ilikatika ikamzama kidoleni. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, wakamkimbiza hospitali. Nilipopata habari nilikwenda dukani mbio, nikakuta watu wamejaa mlangoni, wameizunguka ile mashine. Nilisimama nyuma yao. Mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, ni nani aliyeishika mwisho.

Palikuwa na msichana pale mbele, mwenye sare ya shule, kama miaka kumi na mitatu hivi. Akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaninyooshea kidole.

Naye alikuwa anasema kweli.